Mazulia ya Apa Zuura na Wimbo wa Tisa

Jumatano, tarehe 6 Novemba. Theluji nyepesi imeanguka alfajiri katika kijiji cha Kok-Jar, mkoani Naryn, na kipimajoto kilichotundikwa nje ya duka kinaonyesha nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Hakuna upepo. Mbwa wote wamejikunja kimya. Kwa mtu anayerekodi albamu nyumbani kwake, hii ni asubuhi ya kumshukuru Mungu.

Saa nne kamili Kanyshai Toktosunova, mwenye umri wa miaka 49, amesimama katikati ya chumba ambacho hadi Agosti kilikuwa banda la ndama. Amevaa koti la ngozi ya kondoo na soksi mbili mbili, bila viatu. Jiko limezimwa kwa sababu kuni zinapasuka, na maikrofoni inasikia kila kitu. Akifungua kinywa kuimba, mvuke hutangulia na sauti hufuata.

Kuta zote zimefunikwa mazulia kumi na moja ya sufu nzito iliyokandwa, mekundu na ya kahawia, yenye mapambo ya pembe za kondoo dume. Ndiyo yanayomeza mwangwi. Yote ni ya kuazima.

Nje, mume wake Turat anamlisha punda nyasi kavu, kidogo kidogo. "Punda akiwa anatafuna hawezi kulia," ananong'ona. "Watu wananiuliza nafanya nini kwenye albamu ya mke wangu. Nawaambia, sehemu zote zenye ukimya ni zangu."

Ndani, Kanyshai anafika kwenye kiitikio. Sauti imepanda vizuri. Mlango unafunguliwa.

"Salamu aleikum. Endeleeni tu, sijaja kumsumbua mtu," anasema Apa Zuura, yaani Mama Zuura, jirani wa miaka 72, akikung'uta theluji viatuni. "Nimekuja kuangalia kama mazulia yangu hayajaingia nondo."

Mirbek, mdogo wa Turat, ambaye ni fundi wa simu mjini na ndiye fundi mitambo wa albamu, anavua hedifoni na kufumba macho. Mgeni ameingia. Hatatoka bila kuonja mkate, na mkate hauliwi bila chai. Jiko linawashwa tena, kwa mara ya nne tangu asubuhi.

"Bado nyimbo tatu," anasema Kanyshai akimimina chai ya maziwa. "Kwa jinsi tunavyokwenda, bado chai mia tatu."

Kazi yake ya kila siku ni kukusanya maziwa. Saa kumi na moja alfajiri huzunguka nyumba thelathini na nane kwa gari kuukuu, akipima na kumimina kwenye keni, kisha huyapeleka mjini. Majira ya joto hupata lita mia sita kwa siku. Sasa ng'ombe wamepunguza, anapata mia moja na themanini. Mwezi ukiwa mzuri humwachia som elfu kumi na nne, kwa fedha ya nchini.

Nyimbo huzitunga njiani, kati ya nyumba na nyumba. Ana komuz ya nyuzi tatu aliyorithi kwa babu yake mzaa mama, na gitaa la umeme alilonunua kwa mwalimu aliyehama. Ngoma zake ni keni za maziwa. "Iliyojaa nusu ndiyo bora," anasema. "Ukiipiga inalia halafu inajuta." Vijana wa mjini huuita muziki wake roki ya wachungaji. Wazee huuita kelele, kisha huomba aurudie.

Amejaribu kurekodi albamu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa jikoni, akasikika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mara ya pili alikwenda mji mkuu, Bishkek, kwenye studio ya som elfu moja na mia tano kwa saa, mshahara wake wa siku tatu. Fundi wa huko aliisafisha sauti yake na kuilainisha, kisha akamwambia keni zibaki nje.

"Nilirudi na wimbo mmoja, ndani ya lori la kondoo, maana nauli ilikuwa imeisha," anasimulia. "Nikaupiga hapa nyumbani. Turat akaniuliza, huyu nani? Mbwa wangu mwenyewe hakuinua hata sikio."

Basi Septemba, Mirbek alimsaidia Apa Zuura kubeba viazi stoo. Humo yalikuwemo mazulia mawili manene kuliko yote kijijini, ambayo bibi huyo aliyakanda na kuyashona kwa miaka miwili kwa ajili ya mahari ya mjukuu wake Meerim, vile vitu bibi harusi aendavyo navyo kwa mume. "Nilipiga makofi kuondoa vumbi mikononi," anasema Mirbek, "na makofi yakafia pale pale. Nikajua tumepata studio."

Apa Zuura alikubali kwa sharti moja: Jumamosi tarehe 9 Novemba upande wa bwana harusi unakuja kumchukua Meerim, na mazulia yanaondoka naye. Wanawake wengine walileta yao. Siku ya kwanza ya kujaribu, Kanyshai alivaa hedifoni, akaisikia sauti yake kama ilivyo.

"Nililia," anasema. "Halafu nikagundua kwamba naimba kwa pua, nikaacha kulia."

Tangu hapo amekuwa akiomba jambo moja tu katika kila sala: nyimbo tisa ziwe tayari kabla ya Jumamosi. Chumba kikibaki bila mazulia ya Meerim, zile zitakazorekodiwa baadaye zitasikika kama za mtu mwingine, na albamu ya tatu itakwenda zilikokwenda mbili za kwanza.

Chai ya Jumatano haijapoa, anaingia Sairagul, mwalimu mstaafu wa hesabu. Anatazama ukuta ulioelekea mlango, mahali ambapo katika kila nyumba huketi mgeni wa heshima. Hapo yametandazwa mazulia ya Apa Zuura. Kisha anageuka taratibu.

"La kwangu liko wapi?"

"Nyuma yako, mwalimu," anajibu Mirbek.

"Mlangoni."

"Mlangoni ndiko kelele zinakoingilia. La kwako linazuia kelele za kijiji kizima."

"Mlangoni tunaweka viatu. Na mwanakondoo mgonjwa."

"Saira, usikasirike," anasema Apa Zuura kwa upole wa mtu aliyeketi pazuri. "Wamepanga kwa unene tu."

"Unene wa nani?"

Sairagul anamega kipande cha mkate, kwa kuwa hata hasira haikatai mkate, anakitafuna, analishusha zulia lake, analikunja, analitia begani na kuondoka nalo.

Alhamisi, pengo la mlangoni liliingiza kila kitu. Katika rekodi ya asubuhi ile anasikika kuku, anasikika mtu akiwasha trekta, na katikati ya beti la pili anasikika Turat akimweleza punda bei ya nyasi.

Mirbek alikuja na wazo. Alipigilia mlango misumari, akaweka kigoda chini ya dirisha la ukuta ulioelekea mlango, akatangaza kwamba kuanzia sasa watu wote wataingilia dirishani. Dirisha likiwa ndilo mlango, ukuta wa zamani wa mlango unakuwa mahali pa heshima. Sairagul aliitwa. Alitazama, akapima kwa hatua, akakubali kwamba hesabu ni sahihi, akalirudisha zulia lake.

Saa tano akaja Apa Zuura.

"Nyumba hii nimeingia kwa mlango tangu kabla baba yako hajaota ndevu," alimwambia Mirbek. Hata hivyo alipanda kigoda, akachungulia ndani, na hapo akaona mazulia yake yako wapi sasa: chini ya dirisha, karibu na viatu.

"Kumbe leo mimi ndiye mwanakondoo mgonjwa," alisema, akaketi juu ya theluji.

Kufikia adhuhuri, mazulia ya wote wawili yalikuwa chini, yamekunjwa, na wenyewe wameyakalia, wamepeana migongo. Mirbek alikuwa akijaribu kuung'oa mlango aliopigilia mwenyewe.

Kanyshai alikwenda nyuma ya nyumba kusali. "Sikuomba makubwa," anasema. "Nilimwambia Mungu, nipe chumba ambacho hakina mbele wala nyuma."

Aliporudi hakumtazama yeyote usoni. "Kila mtu ashike la kwake," alisema. "Mnizunguke."

Wanawake saba walisimama bega kwa bega, kila mmoja ameinua zulia lake kutoka sakafuni hadi kidevuni. Yeye akabaki katikati na maikrofoni, na keni mbili kati ya magoti. Sairagul alilikagua duara lile kwa jicho la kazi yake ya zamani.

"Halina pembe," alikiri.

"Lina uzito, lakini," alisema Apa Zuura, ambaye zulia lake lilikuwa linamshinda mikono. Sairagul alisogea hatua moja, akalishika upande mmoja.

Wimbo wa saba ulipatikana katika jaribio la pili, wa nane katika la tano, baada ya chafya mbili na kicheko kimoja ambacho mwenyewe hajajitaja hadi leo. Mwisho wa wimbo wa nane, nyuzi zikiwa bado zinalia, inasikika wazi sauti ya Sairagul: "Beti la pili ulichelewa." Mirbek alitaka kuikata. Kanyshai alikataa. "Nilichelewa kweli," alisema.

Ijumaa haikurekodiwa kitu. Palikuwa na sala ya mchana, kisha kijiji kizima kilikaanga maandazi ya harusi. Mirbek alilalamika kwamba siku zinakwisha. "Mungu hasubiri," Kanyshai alimjibu akifunga kilemba. "Maikrofoni inasubiri."

Basi wimbo wa tisa ulibaki kwa Jumamosi asubuhi. Wageni walitarajiwa saa sita. Saa tatu wanawake walikwisha kusimama kwenye duara, safari hii wakiwa na nguo za harusi na hereni za fedha, ambazo Mirbek aliwaomba wazivue kwa kuwa zinagongana.

Wimbo wenyewe ni wa dakika sita, unahusu barabara ya maziwa wakati wa theluji. Huanza kwa komuz peke yake, keni huingia katikati, gitaa halipo kabisa. Kanyshai alikuwa ameutunga kwa miaka minne, na wenzake wanasema hakuwahi kuuimba kama asubuhi ile. Apa Zuura alikuwa amefumba macho. Mirbek, kwenye kompyuta, aliacha kupumua.

Katika dakika ya tano, honi zikapigwa.

Magari manane ya upande wa bwana harusi yalikuwa yameingia kutoka Kochkor, saa tatu nzima kabla ya wakati, kwa sababu madereva walishindana njia nzima. Yote yalipiga honi, kama ilivyo ada ya furaha. La mbele lilikuwa lori, na honi yake ilitikisa vioo. Nyasi za Turat zilikuwa zimekwisha, na punda akaitikia.

Baba mkwe wa Meerim, dereva wa lori aitwaye Jumadyl, alishuka amefungua mikono. "Wakwe zetu! Mbona mmekaa kimya hivyo? Kuna msiba?"

"Sasa upo," alisema Mirbek.

Hakuna aliyemfokea mgeni. Walikaribishwa, wakaonjeshwa mkate, wakanywa chai. Mtu alijaribu kuuliza kama wimbo unaweza kurudiwa, lakini uani palikuwa na watu arobaini, kondoo wawili wa kuchinjwa na watoto wasiohesabika, na mawingu yalikuwa yanashuka upande wa njia ya mlimani. Kanyshai mwenyewe ndiye aliyeanza kuyakunja mazulia ya Meerim. Aliyafunga kamba vizuri, akayapapasa mara moja, akasogea pembeni.

"Twende, tubebe," alisema Jumadyl.

Apa Zuura akayakalia.

Jumadyl alicheka, kwa maana anaijua ada. Upande wa bibi harusi huikalia mahari mpaka ulegezwe kwa zawadi. Akatoa som mia tano. Apa Zuura alikuwa anatazama mlima. Akaongeza elfu moja. Akaongeza shali ya pamba nyeupe.

"Apa, basi taja mwenyewe."

"Dakika sita."

"Dakika sita za nini?"

"Ulizozikanyaga kwa honi yako." Akamwonyesha Kanyshai, aliyekuwa amesimama ukutani na komuz mkononi. "Huyu anatuchukulia maziwa kila asubuhi tangu ana miaka ishirini na sita. Hajawahi kuchelewa, ila beti la pili. Ana nyimbo nane na anataka tisa, na wa tisa haukubali bila mazulia haya. Sitaki pesa. Nataka ahadi, kwa sauti, watu wote wasikie."

"Mimi niko tayari kuwa shahidi," alisema Sairagul, akaja kuketi kando yake juu ya mazulia.

Jumadyl alimtazama Kanyshai. "Unataka iwe tayari lini, dada?"

"Nooruz," alijibu, yaani sikukuu ya mwaka mpya ya mwezi Machi. Mpango wake anao siku nyingi: nyimbo tisa ziwekwe kwenye flashi, kila nyumba ya maziwa ipewe moja bure, na nyingine wauziwe madereva wa njia ya Bishkek, ambao kwa maoni yake wanasikiliza mambo mabaya sana. "Nikipata wimbo wa tisa kabla ya Nooruz, ninamaliza. Nikikosa, sidhani kama nitaanza mara ya nne."

Uani pakawa kimya, kimya ambacho Mirbek angekilipia fedha siku yoyote nyingine. Jumadyl alipanda kwenye ngazi ya lori lake, akavua kofia yake nyeupe ya sufu, akaishika kifuani.

"Mimi Jumadyl, mwana wa Kerimbai," alisema, "mbele ya Mungu, mbele ya wakwe zangu na mbele ya mwalimu huyu anayenitazama vibaya, naahidi. Wiki mbili kabla ya Nooruz nitayaleta mazulia haya hapa kwa lori hili hili, na Meerim atakuja kuyashika kwa mikono yake. Injini nitaizima kule chini darajani, tutapanda kwa miguu. Na honi, Apa," akalipapasa lori lake, "honi nitaing'oa nyumbani kabla sijaondoka."