Kanisa linashukuru kwa ajali ambayo haikutokea

Admin, nifichie jina, maana hapa Tawa wanaokusoma ni wengi na mama yangu husomewa na wajukuu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, fundi wa magari, sina mume, na nina hasira. Hiyo hasira nilidhani niliiacha madhabahuni siku niliyookoka. Sikuiacha.

Marehemu baba ndiye alinifundisha ufundi. Alituachia gari, Pijo ya zamani, nyeupe, ambayo haijawaka tangu tumzike mwaka juzi. Egzosi yake inavujia pale inaposhikana na injini, kwa hivyo lazima kwanza utoe stadi, vile vijiti vya chuma vyenye nyuzi ambavyo kwa joto na kutu vimekuwa kitu kimoja na injini. Baba hakuwa na haraka na stadi. Unazilowesha kwa dizeli iliyochanganywa na breki fluidi siku tatu, asubuhi na jioni. Halafu unapasha moto, unagusisha mshumaa nta iingie kwenye nyuzi, unakaza kidogo kwanza ndipo unafungua. Ukilazimisha inakatikia ndani, na hapo umejitafutia kazi ya wiki nzima.

Mdogo wangu, nimwite Mutua, ni dereva wa lori, anakaa Kiboko. Alikuja siku ya pili ya kulowesha, saa nane mchana, mama akiwa sokoni. Alitaka gari iwake siku hiyo hiyo. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu.

"Mutua, wacha. Kesho ndio siku ya tatu."

"Wewe na mambo yako. Chuma inataka nguvu."

Ya kwanza ikakatika. Nikamsukuma. Naye akanisukuma, nikagonga paji la uso kwenye ukingo wa mlango wa gari, damu ikaniingia jichoni. Akarudi kwa bomba lake. Ya pili ikakatika, akacheka. Nikamwambia baba angelia akiona kazi hiyo. Akajibu bila hata kunitazama.

"Baba gani? Si huyo ulisema tungoje? Kifua ilimuuma siku tatu, ukasema tungoje kwanza tuone. Tukangoja. Si tulimzika?"

Jamani, ni kweli. Mama alikuwa Kitui akimuuguza dada yake, na mimi ndiye niliyesema tungoje. Nilidhani ni kichomi tu. Mama akaambiwa kwamba maradhi yalimshika baba ghafla, na hadi leo ndivyo anavyojua.

Mkono wa kushoto wa Mutua ulikuwa umeshika ukingo wa injini. Nilichukua nyundo nikaupiga. Nilisikia mifupa. Akapiga magoti huku mkono bado uko pale juu, nikaupiga tena. Mara ya tatu nililenga kichwa. Sitawadanganya, nililenga kichwa cha ndugu yangu wa tumbo moja, na kilichomwokoa ni kwamba aliangukia kando. Nyundo ilipasua taa ya Pijo. Nilibaki nimesimama na vioo miguuni, na nilitaka kuendelea.

Mama aliingia akatukuta hivyo, wote damu. Kabla sijafungua kinywa, Mutua akasema, "Mwaitu, mama yangu, ni boneti. Imetuangukia sisi wote."

Hospitali walimkata vidole viwili. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyomwokoa na boneti. Waumini wakaimba. Mchungaji akaniita mbele, akaniwekea ule mkono wenye bandeji juu ya kiganja changu, akasema, "Shika ndugu yako umshukuru Mungu." Mutua akanibana kwa vile vidole vitatu, polepole. Nililia, na kila mtu akadhani ni furaha.

Sasa mama amesema Pijo ina kitu kibaya. "Imekula vidole, kesho itakula mtu." Ameita watu wa vyuma chakavu, wanakuja Jumamosi kuikatakata hapo hapo bomani. Ndicho kitu cha pekee kilichobaki chenye mikono ya baba ndani yake. Nikitaka ipone, sharti niseme ni nani alikula vidole.

Nilimpigia Mutua simu. Hakunitisha, alikuwa analia. "Ukimwambia ulinipiga, atauliza ni kwa nini. Nitamwambia nini, dada? Nimwambie ni nani alisema tungoje? Ataanguka hapo hapo. Afadhali hiyo gari iende."

Jana mchana, mama akiwa kanisani, nilienda kwenye Pijo. Zile stadi zilizobaki zilikuwa zimelowa wiki tatu sasa, hakuna aliyezikumbuka. Nilipasha moto, nikagusisha mshumaa, nikakaza kidogo, nikafungua. Zote zikatoka, bila bomba. Ya mwisho niliimalizia kwa vidole, nikakaa chini nayo mkononi ikiwa bado na moto, sikuitupa.

Nyinyi wenye wazazi na wenye ndugu, msinitukane, hayo nimeshajitukana. Niambieni tu: Jumamosi lori la vyuma likipiga honi nje, nifungue mdomo au nifungue lango?