Gari la Mikate Kwenye Shamba la Baba

Mimi na dada yangu tulinunua gari la kulala kwa sababu tulikatazwa kujenga. Watu wenye akili zao wakikatazwa kujenga huenda kwa wazee, hulia, hununa, au humwachia Mungu. Sisi tulikwenda kutafuta gari.

Tulikulia Tanzania, kambini, kwa baba aliyekimbia kutoka Giteranyi, kule kaskazini mwa Muyinga, na akafia huko huko akiamini kwamba shamba lake linamsubiri. Shamba lilisubiri kweli, ila lilisubiri mikononi mwa mdogo wake. Baba mdogo alilitunza vizuri sana. Alilitunza mpaka akasahau kwamba si lake. Tuliporudi Burundi tukiwa watu wazima alitupokea kwa machozi, akatuchinjia kuku, na kuku alipoisha tukaitwa kwenye kikao cha ukoo. Hapo tukaelezwa, kwa upole mkubwa, kwamba watoto wa kike tunaruhusiwa kulima kipande, kwa huruma tu, lakini kujenga hapana. Binti hujenga kwa mumewe. Mume wa dada alikuwa amekwisha kufariki. Wangu alikuwa bado hajafika, na popote alipo namtakia safari njema.

Basi tukapanga nyumba Gitega. Mimi nafundisha Kiswahili kwenye shule moja ya Mushasha, dada ana cherehani sokoni. Kila msimu wa kupanda na wa kuvuna tulikwenda Giteranyi, na baba mdogo, kwa ukarimu wake, alitulaza ghalani. Tulilala kati ya magunia ya maharagwe tuliyoyalima wenyewe, ambayo kwa njia isiyoeleweka yalikuwa yamekwisha kuwa yake. Panya walitupitia kichwani bila hata kubisha hodi. Asubuhi baba mdogo alituuliza tumelalaje, sisi tukajibu vizuri, naye akaridhika kabisa.

Wazo la gari lilitoka kwa Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, walioegesha gari lao siku chache karibu na kanisa la Mushasha. Walikuwa wanalala humo, wanapika humo, na jioni wanatoa viti viwili vidogo na kukaa nje wakinywa chai. Mtaa mzima uliwahurumia. Mama mmoja aliwapelekea mihogo, akisema ni aibu watu wazima namna ile kukosa nyumba. Dada yangu hakuwahurumia. Alikwenda akawasalimia, akachungulia ndani muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Tulipofika nyumbani akasema:

"Gari halijengwi."

"Unasema nini?"

"Gari halina msingi, halina bati, halina ukuta. Tukiliweka kwenye shamba la baba, nani atasema tumejenga? Tumeegesha."

Nilicheka sana. Kisha usingizini nikaota panya, na asubuhi nikamwambia sawa, tutafute.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba shuleni kwetu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui magari. Mwalimu wa hesabu, ambaye hana hata baiskeli, alinishauri nichukue la esansi, yaani petroli, kwa sababu la mazutu, la dizeli, halidumu. Mwalimu wa dini alinishauri nichukue la mazutu, kwa sababu la esansi linakunywa. Walibishana mapumziko mazima. Wakati huo vituo vya mafuta vya Gitega vilikuwa vimekauka, esansi hakuna, mazutu hakuna, na magari yalikuwa yamepanga foleni yenye nyasi zilizoota chini ya magurudumu. Hakuna aliyeona kwamba hilo linahusiana na mjadala.

La kwanza kuonyeshwa lilikuwa gari lililowahi kubeba wagonjwa. Mwenye kuliuza, kijana mmoja wa mjini mwenye miwani ya jua hata kivulini, alifungua milango ya nyuma kama mtu anayefungua ukumbi wa harusi.

"Mama, hii gari iko bien. Moteri iko nzima. Na kitanda iko ndani tayari! Munataka nini tena?"

"Sisi tuko wawili," dada akasema.

"Voilà. Mumoja analala, mwingine anakaa pembeni anamuangalia. Ndiyo ilitengenezwa vile."

Dada akaniuliza mimi na yeye nani mgonjwa. Tukatazamana. Ndani mlikuwa na harufu ya dawa na ya kitu kingine ambacho dawa ilishindwa kukifunika. Dada alipanda akajaribu kusimama, kichwa kikagonga dari. Yeye ni mrefu, amechukua urefu wote wa baba na kuniachia mimi meno. Alitaka gari ambalo mtu anaweza kusimama na kuvaa kitenge kwa heshima. Mimi nilitaka gari ambalo mtu anaweza kulala miguu ikanyooka. Kijana wa miwani akasema tunataka hoteli, si gari.

La pili lilikuwa basi dogo la kubebea maharusi, lenye mapazia ya rangi ya waridi na mioyo iliyochorwa ubavuni. Lilikuwa la bwana mmoja mlokole, mtu safi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alituhakikishia kwamba viti vyote vinalala na kuwa kitanda.

"Na breki?" nikauliza, kwa sababu mwalimu wa hesabu alinifundisha niulize.

"Mwalimu, hii gari haijawahi kuanguka. Tunaiombea kila asubuhi."

"Sikuuliza sala, nimeuliza breki."

"Hivyo vinakwenda pamoja."

Kiti kililala kweli. Dada alivuta chuma, kiti kikalala kama mtu aliyezimia, kisha kikakataa kuamka. Tulikivuta sote watatu. Bwana yule, kwa upendo wa Kikristo, akatuambia kwamba tumekiharibu na kwamba ametusamehe. Tuliondoka haraka kabla msamaha haujapata bei.

Wiki zilipita. Tuliangalia gari lisilokuwa na sakafu, ambalo mwenyewe alisema sakafu ni kitu kidogo. Tukaangalia lingine ambalo lilikuwa jekundu kwenye picha na la kijani lilipofika. Nilikuwa nimeanza kuwakumbuka wale panya kwa mapenzi, mteja mmoja wa dada alipomwambia kwamba kuna mzee Muyinga, Mwislamu, mwenye tanuri la mikate, anauza kamioneti yake ya kusambazia mikate. Unga ulikuwa umepanda, mafuta yamekosekana, tanuri limefungwa.

Tulimkuta mzee amekaa barazani kwake na kofia yake nyeupe. Kamioneti ilikuwa uani, nyeupe pia, ndefu, paa limeinuka kwa ajili ya rafu za mikate. Mzee hakutusifia kitu. Alisimama mbele yake kama mtu anayemtambulisha mwanawe mkorofi.

"Binti zangu, mi sitaki kudanganya nyinyi. Vitesi ya pili haiingii, munatoka ya kwanza munaruka kwa ya tatu. Mulango ya shofeli, ya dereva, inafunguka kwa inje tu, ndani hapana. Na mvua ikinyesha mingi, inavuja hapa."

Akatuonyesha kwa kidole mahali penyewe. Nikaingiwa na hofu. Nilikuwa nimezoea uongo, na uongo una utaratibu wake: unasikiliza, unapunguza nusu, unapata ukweli. Mtu akikwambia ukweli tangu mwanzo, utapunguza nini? Nilimvuta dada pembeni kumwambia kwamba mzee huyu lazima anaficha jambo, lakini dada hakuwepo pembeni. Alikuwa amepanda nyuma ya gari. Nilimkuta amesimama wima, kitenge chake kimenyooka, kichwa hakijagusa kitu. Kisha akavua viatu, akalala chali sakafuni, mikono kifuani. Nami nikalala kando yake. Miguu ikanyooka. Mlikuwa na harufu ya mkate, ya zamani, imeingia hadi kwenye mabati, na mwanga ulitoka mlangoni tu. Nilitaka kusema jambo la maana kuhusu hiyo gia ya pili, nikasikia dada anakoroma.

Mzee alichungulia.

"Amekubali?" akaniuliza.

"Inaonekana amekubali."

Akanifunulia na siri ya mwisho, kwamba gari lina mazutu ya kutosha kufika Giteranyi, aliyahifadhi kama mahari ya binti. Hapo hata mimi nilikubali.

Msomaji mwerevu atakuwa amekwisha kuuliza ni nani kati yetu aliyejua kuendesha. Hakuna. Walimu wenzangu wote, katika ushauri wao mwingi, hawakuuliza, na sisi tuliona ni mambo ya baadaye. Mzee akatupa dereva wake wa zamani, bwana mnene mwenye huzuni, aliyepeleka mikate vijijini miaka mingi. Fundi wa Muyinga alikata dirisha moja, seremala akaweka vitanda viwili vya mbao, mimi nikanunua jiko la mkaa, dada akashona pazia. Tukaondoka asubuhi, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika.

Dereva hakuweza kuacha mazoea. Kila tulipokaribia duka alipiga honi mara mbili, na kila alipopiga honi watu walitoka mbio wakiwa na vikapu. Tulipita kwenye vilima vile tukiwavunja watu mioyo. Nilimwomba aache. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akapiga tena. Mpaka tunafika kwenye kilima chetu, maana Burundi kijiji huitwa kilima, nyuma yetu kulikuwa na waendesha baiskeli kadhaa waliotufuata, hawakutaka kuamini kwamba ndani ya gari la mikate hamna mkate.

Mvua ilitukuta kwenye njia ya mwisho. Ni njia ya miguu na baiskeli, na kwa siku hiyo moja ilijaribiwa kuwa barabara, ikashindwa. Dereva alitoka ya kwanza akaruka kwa ya tatu, gari likateleza polepole, kwa heshima zote, likaingia kwenye migomba ya baba mdogo na kulala ubavu kidogo, gurudumu la mbele ndani ya mtaro. Mgomba mmoja wenye mkungu ulianguka juu ya kioo. Dereva akapiga honi mara mbili.

Watu wakaja. Walikuja waliotaka mkate, walikuja majirani, alikuja mkuu wa kilima akiwa amejifunika gunia kichwani, na alikuja baba mdogo bila kofia, bila viatu, akipiga kelele tangu mbali. Mama mdogo, mkewe, alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

"Ndizi zangu! Mumeleta nini hapa? Ni nini hii?"

"Ni gari, baba," dada akasema. Alikuwa ameshuka, matope magotini, lakini sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kwa mteja anayedai nguo imebana. "Tunalala humo. Hatujajenga."

"Itoeni! Itoeni kwenye ndizi zangu sasa hivi! Ipelekeni upande wenu!"

Mvua ilikuwa inapiga kwenye paa la gari. Nilimwona dada anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena.

"Upande wetu unaanzia wapi, baba?"

"Kwani hamujui? Pale!" Alinyoosha mkono mzima, hasira imemjaa hadi kwenye vidole. "Kwenye ile minyaa, mpaka chini kwenye mto! Si ndiyo sehemu ya baba yenu? Ipelekeni huko, muache ndizi zangu!"

Mkono wake ulibaki hewani. Nadhani sauti yake ilichelewa kidogo kumfikia. Mzee mmoja jirani akasema "Eee", akaivuta ndefu. Mkuu wa kilima akaondoa gunia kichwani ili asikie vizuri, ingawa alikuwa amekwisha kusikia.

"Umesema kwenye minyaa," akasema.

"Nimesema waiegeshe," baba mdogo akajibu, sauti imeshuka.

"Umesema sehemu ya baba yao. Tumesikia wote. Haya, tusukume."

Miaka yote ile tulikuwa tumemwendea kwa maneno matamu, kwa sukari, kwa vitenge vya mama mdogo, kwa wazee wa ukoo waliokula na kuondoka. Hakuna kilichomtoa neno. Lakini mguse mtu ndizi zake, atakupimia shamba bila kuombwa. Nililia kidogo; bahati nzuri kulikuwa na mvua. Kisha nikaweka bega nami nikasukuma pamoja na waliokosa mkate, huku baba mdogo akisukuma kwa nguvu kuliko sote, kwa ajili ya migomba. Gari lilipita kwenye minyaa, likashuka kidogo, likakaa.

Siku zilizofuata alijaribu kurudisha maneno yake. Alisema alikuwa na homa, kisha kwamba alimaanisha mto mwingine. Kilima kizima kilimsikiliza kwa adabu na kuendelea kusema "kwa wale dada wa kwenye minyaa". Hatimaye akachoka. Salamu anatupa, maharagwe yetu tunaweka wenyewe, na mkungu ule ulioanguka anatukumbusha kila tunapokutana, kana kwamba ulikuwa ndugu yake.

Gari halijatoka pale tangu siku hiyo, na hata mazutu yakipatikana halitatoka. Linavuja palepale mzee alipoonyesha, na hapo ndipo kitanda changu kilipo, kwa kuwa dada alichagua kwanza. Likizo tunakuja, tunapika chai, tunakaa mlangoni. Jumapili baada ya misa anakuja mama mdogo. Anavua viatu, anapanda, anajinyoosha kwenye kitanda cha dada na kuvuta pazia.

Jumapili iliyopita baba mdogo alisimama ng'ambo ya minyaa, hakuvuka, akamwita mkewe mara mbili tatu, kwamba chakula hakijapikwa.

Mama mdogo hakufungua hata macho.

"Mwambieni nimesafiri," akasema.