Siafu Niliowazuia Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, sijamaliza hata mwaka katika ndoa, huko milimani juu ya Mlali. Kuku waliacha kuchakura wakakimbia uani. Kisha nikasikia mchakacho, kama mvua kwenye majani makavu, lakini mvua haikuwapo. Siafu. Mstari mweusi wenye upana wa kiganja ulikuwa unaelekea mlangoni kwangu.

Mama mkwe wangu hakuhangaika. Alichukua mkeka na maji, akafungua milango yote, akasema twende tukakae kwa jirani mpaka jioni.

"Wapishe, mama," aliniambia. "Wamekuja kufagia."

Nilimcheka moyoni. Nilikuwa na darasa langu la saba, na kuta zile nilizikandika kwa mikono yangu. Alipotangulia, nilimwaga mafuta ya taa kizingitini nikawasha kiberiti. Harufu yao naijua hadi leo. Waliosalia waligeuka wote pamoja, kama walioitwa, wakarudi porini.

Mama mkwe aliporudi aliyatazama majivu. "Haya," alisema. "Utafagia mwenyewe."

Haikupita miezi mingi panya wakajaa darini, kwenye mahindi yetu. Walikwaruza mchana na usiku, tukazoea kula huku vumbi likitudondokea sahanini. Halafu siku moja, saa za kupika, wakanyamaza. Wote. Mimi nilifurahi. Mama mkwe aliacha kupepeta, akatazama juu.

"Nani kawanyamazisha?"

Mume wangu alikuwa tayari kwenye ngazi. Nilimtuma mimi, ashushe mahindi.

Nyoka koboko alikuwa amewafuata panya. Mume wangu hatukumfikisha hospitali akiwa hai.

Sitakudanganya kwamba siafu wangemwokoa. Sijui. Ninachojua ni kwamba siafu hula panya, panya humleta nyoka, na mimi nilisimama katikati yao na kiberiti.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamwaga hiyo dawa ya wadudu uliyonunua Mwembesongo, kaa kwanza utazame mdudu huyo anakula nini, na yeye analiwa na nani. Kama anapita tu, toa watoto, toa na kuku, umwachie nyumba mpaka jioni. Utairudia.

Mungu akulinde wewe na unaowapikia, na kimya kile kisiingie darini kwako.