Soda ya Tangawizi

Jana mjukuu wangu alifungua soda ya tangawizi sebuleni. Harufu yake ilinipanda puani, nikainuka nikatoka nje.

Enzi za Waingereza, soda hizo tuliziona Bukoba mjini tu, katika duka la Mwarabu. Zilianza kuja za machungwa, zikafuata za ndimu, na za tangawizi zikaja mwisho. Siku moja Mama alinitoa kijijini kwetu Kashozi kwa miguu hadi dukani humo, akaniambia nichague ninayotaka. Nilichagua ya tangawizi kwa kuwa ilikuwa ngeni. Iliniwasha ulimi, nikacheka, nikaigugumia.

“Mpola, mwanangu,” alisema Mama. “Kunywa polepole.”

“Kesho tutarudi ninywe ya ndimu?”

Alinifuta kidevu kwa kanga yake, akauacha mkono wake shavuni mwangu.

Nilipomaliza, shangazi yangu, dada yake Baba, aliingia dukani akanishika mkono.

“Twende nyumbani. Mama yako anarudi kwao Muleba. Baba yako amemwacha, na wewe ni mtoto wa ukoo wetu.”

Nilivutwa hadi barabarani nikipiga kelele kwamba soda yangu haijaisha, ingawa chupa ilikuwa tupu.