Maji ya Magunia

Siku moja kabla ya mapigano nilikuwa juu ya ngazi, namwagia maji magunia niliyoyatundika dirishani kwa mama. Huku bondeni, chini ya Masakta, joto la Oktoba linaivisha yai mfukoni, na mama alikuwa ametoka hospitali Haydom na mapafu yanayogoma joto likipanda. Darasa la jioni lilinifundisha kwamba upepo ukipita kwenye gunia bichi, maji hukauka na joto huondoka nayo. Chumba kikawa Mbulu ya mwezi wa saba. Mama aliomba blanketi.

"Utaniua kwa baridi wewe," alisema, anacheka, anapumua.

Maji niliyachota kwenye kisima cha ukoo wa mzee Gidamo, mfugaji. Pale anayechota huulizwa maji ni ya nini. Nilikuwa nimesema ya kunywa.

Mzee akapita na fimbo yake, akaona ukuta unachuruzika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Maji yangu anakunywa nani hapa?"

Mimi na mdomo wangu. "Magunia, mzee. Yana kiu kuliko ng'ombe."

Hakucheka. "Ndama wangu wanne hawasimami kwa kiu tangu juzi," alisema, akaondoka.

Asubuhi yake kaka yangu Paskali alikwenda kisimani na punda. Vijana wa Gidamo wakamzuia. Vijana wetu wakulima wakasikia, wakatoka na mapanga.

Nilifika nikikimbia.

Paskali alikuwa na mshale shingoni.

Punda alisimama palepale, madumu matupu.

Hatua kumi mbele alilala mtoto wa mzee Gidamo, amekatwa. Waliomkata walikuja kwetu msibani, wakala wali wetu wakisimulia kama mashujaa. Niliwafukuza na sahani zao mkononi. Hata leo tukikutana mnadani siwapi mkono.

Mama alipoambiwa ugomvi ulianzia kwenye magunia yake, alijikokota hadi dirishani, akayavuta magunia mpaka misumari ikang'oka.

"Mama, utakosa pumzi."

"Nikose."

Alikaa na joto lile wiki tatu. Tukamzika kando ya Paskali.

Mzee Gidamo alikuja kuzika, peke yake, bila fimbo. Aliniuliza kwa nini sikumwambia ndani kuna mgonjwa.

"Mgonjwa hanyimwi maji," alisema. "Ningekuletea mwenyewe."

Nina cheti cha kidato cha nne na ninaongea kuliko redio. Nilitaka kumpiga, kwa sababu alikuwa anasema kweli.