Makofi ya Domina

Aliyesema kazi nzuri humfungulia mtu milango hakuwahi kukutana na Domina wa Mbulu.

Mwaka 1998 masomo yake Guangzhou yalikwisha, akaajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa Kangle, ghorofa ya juu ya karakana za mafundi cherehani. Bosi Liang alikuwa amepata oda ya kitabu cha shule cha Kinorwei, na kiwanda kizima hakuna aliyejua neno refu likatwe wapi mstari unapoisha. Domina alijua. Mama yake aliwapikia wauguzi wa Kinorwei kwenye misheni ya Mbulu, na mmoja wao, Sista Ingrid, alimfundisha kusoma palepale jikoni: kila silabi kofi moja.

Bosi aliichukua pasipoti yake, eti ya kushughulikia viza, akaifungia kwenye droo. Kitabu kikiisha, utaipata, alimwambia. Na Domina aliitaka mno. Macho ya mama yake yalikuwa yanaingia giza, na barua ilisema mama anaomba aione sura ya bintiye kabla hayajapofuka kabisa.

Basi akapiga makofi kutwa nzima, akikata kila neno pale kofi lilipoishia. Maneno ya Kinorwei chenyewe hayakumsumbua; yale mageni ndiyo yaliyomtoa jasho, kila moja limekuja na matamshi ya kwao. Sta-sjon. Sjo-ko-la-de. Siku alipokuta safari, neno la nyumbani lililohamia Norwei, alipiga makofi matatu, kisha akalia.

"Shoga, we vipi?" alishangaa Swalha, rafiki yake Mzanzibari aliyekuwa akinunua nguo za biashara soko la Zhanqian. "Yakate ovyo! Huyo laoban, bosi wako, akiona hasara atakutupia pasipoti yako mwenyewe."

"Watoto watasoma vibaya, dada."

"Na mama yako je?"

Domina akalipigia makofi neno lililofuata. Alikimaliza kitabu bila kosa hata moja, akapanda ofisini, begi mkononi. Bosi Liang alimpokea kwa kicheko, ameshika faksi. Wanorwei wamesifu mno ule ukataji wa maneno. Wameagiza vitabu vingine.

"Mei wenti, Domina, hakuna shida! Vitano tu!"

Ufunguo wa droo akautia mfukoni.

Domina akarudi mezani. Akachukua penseli, akalikata neno la kwanza pabaya, makusudi. La pili pia. Akayatazama. Kisha, huku akijilaani, akayafuta yote mawili, akaanza kupiga makofi.