Mjomba Alirudi, Nikamsikiliza kwa Spidi Mbili

Siku tatu baada ya kumzika mjomba, aliniita kwa jina langu la utotoni.

Tulieni, hii si hadithi ya mizimu. Heri ingekuwa ya mizimu.

Kazi yangu ni kuchambua tamthilia za sauti mtandaoni. Nasikiliza, naandika, nyie mnatukanana kwenye maoni. Anayewahi ndiye anayesomwa, kwa hiyo kila kitu nilikuwa nakisikiliza kwa spidi mbili. Cha saa nzima nakimaliza kwa nusu saa. Nilijiona mjanja kweli.

Mjomba ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi cherehani, na akitoka kazini ni mwigizaji. Kwenye ile tamthilia ya kusafiri ndani ya wakati, yeye alikuwa adui mkuu, Mwizi wa Miaka, anayerudi zamani kuiba miaka ya watu. Msimu wa kwanza walimtumbukiza kwenye shimo la wakati. Wasikilizaji wakamlilia miaka sita.

Mwaka huu wakamrudisha. Mjomba akanipigia, sauti inakwaruza. Alikuwa ametoka kupasuliwa koo.

"Kasuku! Wamenifufua bwana!"

"Hongera, mjomba. Koo vipi?"

"Koo lipo. Utanisikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mjomba."

Nikamsikiliza kwa spidi mbili. Dakika kumi za mwisho nikaziruka kabisa, maana mchambuzi mwenzangu alishatangaza kwamba uchambuzi wake uko njiani.

Nikaandika: "Mwizi wa Miaka karudi bila makali. Anakimbiza maneno kama mtu anayewahi basi. Watafute mwingine." Nikaongeza kwamba huyo ni mjomba wangu, ili mjue sipendelei ndugu.

Mkanisifu. Kichwa kikavimba.

Mjomba hakupiga. Na mimi sikupiga, nikijua kaninunia. Wiki ya tatu ikaingia simu ya fundi mitambo wa ile tamthilia.

"Dada, mzee katutoka."

Baada ya mazishi yule fundi mitambo alinifuata uani, nilipokuwa nasuuza vikombe.

"Unajua zile dakika kumi za mwisho tulizirekodi siku nne? Sentensi moja, anakunywa maji ya uvuguvugu, anapumzika. Ndipo nyingine."

"Sasa mbona alikuwa anakimbiza maneno?"

Akanikodolea macho. "Nani? Mzee? Pumzi yenyewe alikuwa anaitafuta!"

Kikombe kikanitoka mkononi.

"Alipousoma uchambuzi wako alicheka mpaka akakohoa," akaendelea. "Akasema, huyu kasikiliza kwa spidi. Nikataka kukupigia, akanikatalia. 'Mwache, ana kazi nyingi. Atanisikiliza akipata nafasi.'"

Jamani, nililia mpaka nikakaa chini kwenye maji.

Siku ya tatu nikajifungia chumbani, nikaweka spidi ya kawaida. Sauti ikatoka nzito, taratibu, kila pumzi inatisha. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote.

Mwishoni Mwizi wa Miaka anabakiwa na safari moja. Anaweza kwenda popote, hata kwenye kiti cha mfalme. Anachagua jiko dogo, mtoto wa kike anasoma kitabu kwa sauti, na yeye anakaa pembeni anashona kifungo.

Nililijua lile jiko. Nilikuwa namsomea mjomba hivyo hivyo, mbio mbio, niwahi kwenda kucheza.

Mtoto anasoma haraka. Adui anamkatiza kwa upole.

"Soma polepole, Kasuku. Sina pa kwenda."

Nilimuuliza fundi mitambo. Mstari huo haukuwemo kwenye karatasi, mjomba aliuongeza mwenyewe.

Msiniambie haraka haraka haina baraka, naijua tangu darasa la kwanza. Ninachowaambia ni hiki: mtu wako akikuomba umsikilize mpaka mwisho, kaa kitako umsikilize. Anajua mwenyewe kwa nini ameomba.

Ule uchambuzi nimeufuta. Nimeandika mwingine, mrefu, nimeuandika siku nne. Mmeusoma wengi na nawashukuru, ila nilitaka ausome mtu mmoja.